Maji Maangavu na Maji Safi

Mwezi huu twataka kusema nanyi habari ya kitu ambacho kila nyumba hukitafuta kabla jua halijapanda, nacho ni maji ya kunywa. Huenda mtu akauliza, kuna neno gani jipya katika maji, maana hata mtoto mdogo ayajua? Neno ndilo hili: watu wengi mno wanayo maji, lakini hawana maji safi, na wengi katika hao hawajui kwamba hawana, kwa sababu maji yao yang'aa mtungini na ladha yake ni njema.

Mwaka wa 2025 Shirika la Afya Duniani, pamoja na UNICEF, lilitoa hesabu ya maji ya ulimwengu wote. Maji wayahesabuyo kuwa salama ni yale yapatikanayo nyumbani penyewe, wakati yatakiwapo, nayo hayana uchafu wa choo wala sumu. Kwa kipimo hicho, katika mwaka wa 2024 watu wapatao milioni 2,100 hawakuwa na maji salama, yaani mtu mmoja katika kila watu wanne. Milioni 106 kati yao walikunywa maji ya mto, ya ziwa au ya bwawa vivyo hivyo yalivyotekwa. Tena yakadiriwa kwamba kila mwaka watu kama milioni moja hufa kwa kuhara kutokana na maji mabaya, vyoo vibaya na mikono isiyooshwa, na karibu 395,000 kati yao ni watoto wasiotimiza miaka mitano. Tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitamka kwamba maji safi ni haki ya kila mwanadamu. Ni neno jema, nasi twalishukuru. Lakini mama aendaye kisimani alfajiri bado aenda kisima kile kile.

Sasa twataka kueleza jinsi maji mazuri kwa macho yawezavyo kuua. Habari iliyo wazi kupita zote ni ya mji wa London, katika Uingereza, mwaka wa 1854. Twaichagua kwa sababu ndani yake yumo daktari, na pia yumo mtumishi wa kanisa, nao walianza kwa kutokubaliana.

Siku za mwisho za mwezi wa Agosti mwaka huo kipindupindu kilizuka ghafula katika mtaa wa Soho. Mtu aliamka mzima, na jioni alikuwa amekufa. Katika majuma machache watu zaidi ya 600 walikufa katika mitaa michache iliyokaribiana. Wakati ule wataalamu wengi waliamini kwamba ugonjwa huo huletwa na hewa mbaya, yaani harufu ya uozo na takataka. Daktari mmoja, jina lake John Snow, hakuamini hivyo. Yeye aliwaza hivi: ugonjwa huu huanza tumboni, basi kwa nini tuseme umeingia kwa pua? Alidhani umo katika maji, umetoka katika choo cha mgonjwa.

Katika Broad Street palikuwa na bomba la mkono la kisima. Maji yake yalisifiwa sana. Watu waliokuwa na bomba jingine karibu zaidi waliliacha wakaenda hilo, kwa sababu maji yake yalikuwa maangavu na matamu. Daktari Snow alipoyatazama hakuona uchafu wa kutosha kumhukumu mtu yeyote. Basi aliacha kuyatazama maji akaanza kuwauliza watu. Aliona kwamba karibu wote waliokufa walikunywa maji ya bomba lile. Palikuwa na nyumba ya maskini katika mtaa wa jirani, wakaao ndani ni 535, nao walikufa watano tu. Walikuwa na kisima chao wenyewe. Palikuwa na kiwanda cha pombe mlangoni kabisa mwa bomba, chenye watu zaidi ya 70, wala hakufa hata mmoja. Nao walikuwa na kisima chao, tena walipewa pombe badala ya maji. (Hatusemi haya ili kuisifu pombe. Anayetaka kuyatumia maneno yetu kwa kazi hiyo na asome kwanza mpaka mwisho.)

Lakini ushahidi uliomwingia moyoni zaidi ulikuwa wa mjane mmoja mzee aliyekaa Hampstead, mbali na Soho, mahali pasipokuwa na ugonjwa. Zamani alikuwa amekaa Broad Street, akayapenda maji yale hata baada ya kuhama. Kila siku gari lilimpelekea chupa moja. Mwisho wa Agosti alikunywa maji hayo, akafa. Mpwa wake alikuja kumtembelea akanywa naye, akarudi kwake Islington, akafa huko. Hewa ya Soho haikuwafikia hao wawili. Kilichowafikia ni chupa.

Daktari Snow alikwenda mbele ya wazee wa mtaa akawaeleza, na tarehe 8 Septemba 1854 waliondoa mpini wa bomba lile ili mtu asiteke tena. Wakati huo ugonjwa ulikuwa umekwisha kupungua, maana wengi walikuwa wamekufa na wengine wamekimbia. Kwa hiyo wakubwa hawakusadiki kwamba mpini ndio uliowaponya, wakarudia habari yao ya hewa.

Hapa ndipo aingiapo mtumishi wa kanisa. Alikuwa kasisi msaidizi wa mtaa ule, Henry Whitehead, kijana asiyetimiza miaka 30. Aliwajua watu wa nyumba zile kwa majina, aliwazika, aliketi na wajane. Aliposikia maneno ya Daktari Snow aliyaona kuwa si kweli, akakusudia kuyapinga. Basi akaenda nyumba kwa nyumba, na nyumba nyingine mara nne au mara tano, akiuliza nani alikunywa nini, siku gani. Na kadiri alivyozidi kuuliza, ndivyo alivyozidi kuona kwamba daktari alisema kweli. Hakuficha aliyoyapata. Yeye ndiye aliyegundua mwanzo wa ubaya ule: katika nyumba nambari 40 ya Broad Street mtoto mchanga aliharisha kabla ya watu wengine kuugua, mama yake aliloweka nguo zake zilizochafuka, na maji yake akayamwaga katika shimo mbele ya nyumba. Shimo lilipofukuliwa, matofali yake yalionekana yameoza, na uchafu ulikuwa ukivuja kuelekea kisima, ambacho hakikuwa mbali hata hatua mbili.

Sisi waalimu wa dini twafahamu jinsi ilivyo vigumu kuingia nyumba iliyofiwa na kuuliza maswali kama hayo. Lakini ni nani awezaye kuyauliza, ikiwa si yule ambaye mlango hufunguliwa kwake hata wakati wa msiba? Mganga wa serikali hufika mara moja na daftari yake. Sisi twarudi Jumapili ijayo, na ile ya pili. Kwa hiyo kuharisha kukizidi kijijini, yafaa mwalimu aandike: nyumba zipi, maji ya kisima kipi, siku gani, naye aipeleke karatasi hiyo zahanati mapema, asingoje mazishi yawe mengi.

Wala mtu asiseme kwamba hayo ni mambo ya Ulaya. Miaka 15 baada ya Broad Street, kipindupindu kilishuka kutoka upande wa Uhabeshi, kikafuata njia za misafara kupita nchi ya Wamasai hata Pangani, na mwishoni mwa mwaka wa 1869 kikaingia Unguja, ambako kiliua watu wengi sana hata mwaka wa 1870. Daktari James Christie, aliyekaa mjini Unguja wakati huo, aliifuatilia njia yote ya ugonjwa akauliza wafanya biashara na wasafiri, kisha akaandika kitabu kilichotoka mwaka wa 1876. Baadaye Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, alileta mjini maji ya mfereji kutoka chemchemi iliyo nje ya mji, upande wa Bububu. Wako wazee wa Unguja waliosimuliwa habari za maji hayo na wazee wao kama sadaka kubwa kupita majumba yake yote.

Basi huo ni uchafu utokao kwa mwanadamu. Uko na ubaya mwingine utokao katika mwamba wenyewe, na huo ni mgumu zaidi kusadikiwa. Twasikia Wakristo wasemao, Mungu ndiye aliyeyaweka maji chini ya ardhi, yawezaje kudhuru? Ndugu zetu, someni tena Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa pili. Watu wa Yeriko walimwendea nabii Elisha wakamweleza kwamba mji wao ni mahali pazuri, ila maji yake hayafai. Hawakuona haya kusema hivyo juu ya chemchemi iliyoumbwa na Mungu, wala nabii hakuwakemea kwa kukosa imani.

Tuitazame nchi ya Bangladesh. Zamani watu wake walikunywa maji ya mabwawa na mito, na watoto wengi walikufa kwa kuhara. Tangu miaka ya 1970 serikali na UNICEF waliwasaidia kuchimba visima vyembamba vya bomba, navyo vikaenea kwa mamilioni, vingi vikichimbwa na wenye nyumba wenyewe. Maji yalitoka safi kama kioo. Lakini katika udongo ule, ulioletwa na mito mikubwa kutoka milima ya Himalaya, imo sumu iitwayo aseniki. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Huchukua miaka mingi kabla ya kuonekana: madoa meusi mwilini, ngozi ngumu ya viganja na nyayo, halafu saratani. Mwaka wa 1993 sumu hiyo ilitambulikana katika visima vya nchi hiyo, na mwaka wa 2000 wataalamu waliandika katika jarida la Shirika la Afya Duniani kwamba hapajapata kutokea kulishwa sumu kwa watu wengi kiasi hicho. Mamilioni ya visima vikapimwa, vikapakwa rangi: kibaya rangi nyekundu, chema rangi ya kijani. Mara nyingi kisima chekundu na cha kijani vilikuwa katika ua zilizopakana, na mama mwenye chekundu ilimpasa kwenda kuomba maji kwa jirani. Hapo ilionekana ujirani ni wa namna gani.

Na kwetu je? Mwendee mtu wa Arusha au wa miteremko ya Meru, atakueleza. Milima ya moto ya zamani iliacha katika miamba ya huko madini ya floraidi, nayo huyeyuka katika maji. Kidogo chake hulinda meno, lakini kikizidi huyaharibu. Shirika la Afya Duniani lashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hata miligramu 4, kwa kuwa mahali pengi maji mengine hayakupatikana. Kisha kipimo kilishushwa kikawa 1.5. Lakini kando ya Meru iko mito na visima vyenye zaidi ya miligramu 10. Mtoto akunywaye maji hayo wakati meno yake ya kudumu yangali yakiumbika ndani ya ufizi, yatatoka na madoa ya kahawia, wala hayatatakata tena. Akiendelea kunywa mengi kwa miaka, mifupa nayo huharibika, miguu ikapinda.

Tunawaomba waalimu wa shule wayaangalie sana haya. Yuko mtoto acheka huku amefunika kinywa kwa mkono, na mwalimu amwambia mbele ya wenzake kwamba hapigi mswaki. Huko ni kumwonea. Wala mswaki wala mkaa hautaondoa madoa hayo, maana hayakuja kwa uvivu wake. Tena mama na wajue kwamba magadi yatiwayo katika maharagwe ili yaive upesi nayo yaweza kuwa na floraidi nyingi. Katika nchi hizo ikiwa nyumba haiwezi kupata maji mema ya kuwatosha wote, na yapatikanayo yatengwe kwa ajili ya watoto wadogo, ya kunywa na ya kupikia uji. Wakubwa waoge na kufua kwa yale mengine. Huko Ngurdoto kipo kituo ambako wataalamu wamefundisha kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao huinasa floraidi. Mkaa huo huchoka baada ya muda, lazima ubadilishwe. Asiyejua hivyo huendelea kuchuja bure.

Neno moja hapa lahitaji kushikwa, maana wengi hukosea. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu, vya homa ya matumbo na vya kuhara damu, lakini hakuondoi floraidi wala aseniki. Maji yakipungua kwa mvuke, sumu hubaki ile ile katika maji machache, yaani imezidi ukali. Kwa hiyo kijiji kitakacho kuchimba kisima, au kilichopewa kisima na wafadhili, kisiogope kuuliza kwa adabu: maji haya yamepimwa na nani, na karatasi ya kipimo iko wapi? Kuuliza hivyo si utovu wa shukrani.

Sasa na turudi nyumbani, maana maji yaliyo mema kisimani huharibika mara nyingi njiani na mtungini. Kwa kawaida mchukuzi ni mwanamke au binti. Katika nyumba zisizo na maji ya uani ulimwenguni, saba katika kila kumi kazi hiyo ni ya wanawake na wasichana. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 bila kuihesabu ndoo yenyewe. Binti aichukuaye mara mbili kabla ya kengele ya shule hufika darasani amechoka, halafu twasema hana akili ya hesabu. Mwanamume Mkristo mwenye baiskeli, afungaye madumu mawili nyuma yake kwa ajili ya nyumba yake, hapungukiwi na heshima yoyote. Twawajua wengine wachekwao kwa jambo hilo, nasi twawapa pongezi katika gazeti hili.

Maji yakifika, adui wa kwanza ni mkono. Kata au kikombe huzamishwa mtungini na vidole pamoja nacho. Mtoto ametoka chooni, mgeni ametoka safarini, wote huteka humo. Afadhali chombo chenye mdomo mwembamba, au chenye bilula. Na kama ni mtungi wa kale, uwe na kifuniko, na kata yenye mpini mrefu itundikwe juu, isiwekwe chini. Kuchemsha maji mpaka yatokote sana kwatosha. Hapana haja ya kuyachemsha nusu saa na kumaliza kuni. Twajua kuni na mkaa ni fedha. Asiyeweza, na atumie dawa ya klorini kama ilivyoandikwa katika chupa yake, angoje nusu saa kabla ya kunywa. Au ayatie maji yasiyo na tope katika chupa angavu za plastiki zisizozidi lita 2, azilaze juu ya bati penye jua kali tangu saa tatu asubuhi hata saa tisa. Kukiwa na mawingu, siku mbili nzima. Nacho choo kiwe mbali na kisima, tena upande wa chini. Hata katika Torati wana wa Israeli waliagizwa kuufukia uchafu wao nje ya kambi.

Kwa maskini kabisa iko njia nyingine, nayo haikutoka katika kiwanda chochote. Vijidudu vya kipindupindu katika maji ya mabwawa hushikamana sana na viumbe vidogo viogeleavyo, navyo vyaweza kunaswa na kitambaa. Huko Bangladesh wanawake wa vijiji vingi walifundishwa kuchuja maji kwa nguo ya sari iliyochakaa, imekunjwa angalau mara nne na kufungwa juu ya mdomo wa chombo, kisha isuuzwe na kuanikwa juani. Nguo kuukuu hunasa zaidi kuliko mpya, kwa kuwa nyuzi zake zimelegea na kujaza nafasi. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2003: katika vijiji vilivyochuja, wagonjwa wa kipindupindu walipungua karibu nusu. Kitambaa hakilingani na kuchemsha, wala hakiondoi kila kijidudu, nasi hatumshauri mwenye kuni aache kuchemsha. Lakini khanga iliyochakaa ipo katika kila nyumba.

Wataalamu walirudi katika vijiji vile baada ya miaka mitano kuona kama desturi ile ilikufa walipoondoka. Karibu theluthi moja ya wanawake waliofundishwa walikuwa bado wachuja maji yao. Na katika vijiji ambavyo hawakuvifundisha, waliwakuta wanawake wengine nao wamefunga kitambaa juu ya mdomo wa mtungi.